Kuchepuka Sezibwa tukienda Namugongo kwa miguu, inafaa?

mtembezi_wa_nyanza:
Hamjambo wadau. Mwaka huu parokia yetu tunatembea kutoka Kenya mpaka Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, tunavukia Busia, Iganga, Jinja, tunakata msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, ndio tuingie. Sasa vijana wamesikia kuna maporomoko ya Sezibwa karibu na barabara ukishapita Lugazi na wanataka tuchepuke tuyaone, na mimi nataka sana, lakini wazee wawili wa jumuiya wamekataa kabisa, wanasema hija si matembezi na tena pale ni kwa mizimu. Mwenye amewahi kufika anisaidie, ni mbali kutoka lami? Mtu mwenye malengelenge atafika? Na hiyo ya mizimu ni ya kweli?

Boda_Lugazi:
Karibuni sana Uganda ndugu zetu. Mnaacha barabara kubwa pale Kayanja, kati ya Lugazi na Mukono, mnaingia barabara ya vumbi kama kilomita mbili hivi. Kwa mtu mzima wa miguu si kitu, shida ni kwamba mtakuwa mmetoka Mabira ambako mnatembea kando ya malori siku nzima, watu wamechoka, na hizo mbili ni za kwenda tu, bado kurudi. Mwenye malengelenge apande boda, ziko pale junction. Kuna kiingilio getini, tumeni mtu mmoja mbele aulize bei ya kundi kabla nyote hamjafika.

Pia msitarajie kitu kama maporomoko ya Nyahururu, yale yenu ya Kenya ni mita 74, haya ni kama 7 tu. Lakini mwisho wa Mei mvua imejaa, maji yanashuka mazito ya kahawia na ukisimama pale chini shati linalowa bila kuguswa na maji yenyewe. Mawe yana ukungu wa kijani, yanateleza vibaya, mwenye amevaa sandals asipande. Mtu akiteguka mguu hapo Namugongo ataifikia kwa gari.

MamaKatekista:
Wazee wenu nawaelewa na msiwadharau, mwanangu. Ni kweli pale Waganda wanafanya ibada zao za jadi tangu zamani. Hadithi yao ni kwamba mama mmoja aitwaye Nakkungu alikuwa na mimba, badala ya kuzaa watoto akazaa mito miwili, Sezibwa na Bwanda, ndio maana hata leo wenye mapacha wanaenda pale kuombewa baraka. Mtakuta mayai na buni za kahawa zimewekwa kwenye mianya ya mwamba. Hizo ni sala za mtu, usiguse, usicheke, na ukimkuta mtu anaoga pale kwa shida zake usimpige picha. Kuangalia maji aliyoumba Mungu si dhambi, ila kiongozi aseme wazi kabla hamjaingia kwamba hakuna wa kujiunga na tambiko. Na kama padre amekataa, basi imekwisha, kundi lisigawanyike njiani kwa ajili ya maporomoko.

njia_ya_mashahidi:
Mimi nitawatetea vijana. Inasemekana Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwenyewe alipanda mti pale Sezibwa, na ni huyo huyo Mwanga ambaye chini ya amri yake Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa ikulu, Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Walizaliwa ndani ya hizi hadithi za mito na mizimu, wazazi wao waliziamini, na wakachagua njia nyingine wakijua itawagharimu nini. Sisi tunawajua kwa picha za kalenda na sanamu, lakini nilipokaa kwenye hayo mawe nikawaona kama watoto wa watu, wenye kwao na mama zao, na niliposali Namugongo sikusali kama nilivyozoea. Kwangu hiyo ni sehemu ya hija kabisa.

Ila muda ndio nabishana nao. Msiende mkielekea. Siku mbili za mwisho barabara inajaa mahujaji, mkichelewa mtakosa pa kulala. Nendeni mkirudi, misa imeisha, basi linapita hapo hapo Kayanja.

mtembezi_wa_nyanza:
Asanteni sana, Mama asante. Hii ya kurudi nadhani wazee watakubali, nitawaeleza Jumapili baada ya misa pamoja na padre, na hiyo ya Mwanga nitawasomea yote. Swali la mwisho, basi kubwa linaingia hiyo barabara kama imenyesha?

Boda_Lugazi:
Usijaribu, tope la pale ni jekundu na linashika. Basi libaki kwenye lami Kayanja, wazee wapande boda, nyinyi wengine mmeshazoea kutembea.