Tupeane uzoefu: chanjo kwa wenye kinga ya chini

Wakuu, VVU, figo zilizofeli, selimundu, dawa za kushusha kinga: chanjo ipi, lini, na wapi huwa tunakosea? Leteni mambo ya kazini.

Dada wa Kliniki: Uliza kwanza kama chanjo ni hai, yaani ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. BCG (ya kifua kikuu), surua-rubela, homa ya manjano na polio ya matone zote ni hai. Mtoto aliyethibitika ana VVU hapewi BCG hadi awe kwenye ARV na kinga yake itulie. Wa mama mwenye VVU, ambaye hajapimwa na hana dalili, huchomwa akizaliwa kama wengine. Dozi ni 0.05 ml ndani ya ngozi. Kiuvimbe kikitokea, chenye vitundu kama ganda la chungwa, umepata. Dawa ikiingia kiulaini, umezama mno: simama, rekebisha sindano, malizia iliyobaki. Ikiwa yote imeshaingia, usirudie. Mwangalie asije akafanya jipu.

Mfamasia: Mtu mzima anayemeza prednisolone (steroidi inayoshusha kinga) 20 mg au zaidi kila siku kwa siku 14 na kuendelea, chanjo hai asubiri angalau mwezi baada ya kuacha. Anayekaribia kuanza dawa za kushusha kinga: hai wiki 4 kabla, zisizo hai wiki 2. Aliyepewa rituximab, dawa inayoua seli B zinazozaa watengeneza kingamwili, ndiye anayetusumbua. Ukimchanja kabla ya miezi 6 kupita tangu dozi ya mwisho, mara nyingi mwili hautengenezi kingamwili.

Sista wa Dialisisi: Chanjo ya homa ya ini B kwetu, kwa wanaosafishwa damu kwa mashine, ni mikrogramu 40, mara mbili ya dozi ya kawaida ya mtu mzima. Ratiba hutegemea aina. Nyingine ni mwezi 0, 1, 2 na 6. Choma begani. Takoni dawa huishia kwenye mafuta, kinga haipandi. Pima kingamwili mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Chini ya uniti 10 kwa lita, rudia mzunguko mzima. Baadaye pima kila mwaka.

Mtunza Friji: Na hiyo hiyo ya homa ya ini ikiganda imekufa, hata ikionekana nzima. Gandisha kichupa kimoja cha aina na bechi ileile makusudi, kiyeyuke, kisha ukitikise pamoja na unachokishuku. Mashapo ya vyote viwili yakituama kwa kasi ileile, tupa.

Mfamasia: Nimesahau: chanjo ya homa ya manjano, mwenye VVU ambaye CD4 (seli za kinga) ziko chini ya 200 hapana, hata kama tiketi ya ndege imeshakatwa.