Fontana, Esquire na Blue Note kasha moja: nichukue zipi, na nisafishe vipi?

Mpenzi_wa_Saksofoni aliuliza:

Wadau, salamu. Kuna muuzaji Kenyatta Market ana kasha la santuri za jazi zilizotolewa kwenye nyumba moja ya zamani Lavington. Bei ni shilingi 1,500 kila moja, hapunguzi. Zinazonivutia:

- Miles Davis, Kind of Blue. Lebo ni Fontana, TFL 5072, mono. Kava lina ukungu.
- Esquire mbili, namba zinaanza na 32-
- Blue Note mbili. Lebo moja imeandikwa "New York USA", nyingine "A Division of Liberty Records".
- John Coltrane moja, lebo ya HMV
- Tano za kasi ya 78 (mizunguko kwa dakika), HMV, Duke Ellington

Je, hiyo ya Fontana ni feki? Nilidhani Kind of Blue ni ya Columbia. Na za Blue Note, nitajuaje kama ni toleo la awali? Nimenunua spiriti ya duka la dawa nizisafishe zote. Mashine yangu ya kuchezea santuri ilitoka Marekani, mota inaizungusha kwa mkanda, naiwasha kupitia transfoma ya 240 kwenda 120.

Mifereji_Miwili:

Kabla ya jambo lolote, weka hiyo spiriti chini. Santuri za 78 za enzi hizo zimetengenezwa kwa shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye alkoholi. Ukipitisha kitambaa chenye spiriti mara moja tu, uso unafifia na muziki umeondoka. Hakuna fundi wa kuurudisha. Hata kwa LP, yaani zile za vinili za kasi ya 33⅓, spiriti ya duka la dawa haifai, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi. Mafuta hayo yanabaki ndani ya mifereji na vumbi linayang'ang'ania.

Kwa LP: mililita 800 za maji ya betri, mililita 200 za isopropili ya asilimia 99 (uliza maduka ya vifaa vya elektroniki Luthuli Avenue), na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Ukienda petroli stesheni hakikisha umepewa maji ya betri, si asidi ya betri. Chupa zinafanana na hukaa rafu moja. Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya Nairobi vina chumvichumvi nyingi na maji yakikauka yanaacha unga mweupe kwenye mifereji.

Paka kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate kimsalaba. Lebo isilowe. Suuza kwa maji ya betri matupu, kisha isimamishe kivulini kwenye kichanja cha vyombo mpaka ikauke kabisa. Kwa 78, mchanganyiko huohuo bila isopropili, na usiziache zikae na maji.

Kava lenye ukungu lifute kavu, nje ya nyumba, lisikae karibu na mengine. Karatasi ya ndani itupe, ununue mpya. Mbegu za ukungu zikibaki humo, mvua za Aprili zikianza utaona madoa yamerudi juu ya santuri uliyoisafisha.

Sikio_la_SouthB:

Nijibu la lebo.

Fontana si feki. Uingereza jina Columbia lilikuwa mali ya EMI, kwa hiyo Columbia ya Marekani haikuweza kuuza kule kwa jina lake. Rekodi zake zilitolewa na Philips na Fontana hadi lebo ya CBS ilipoanza huko mwaka 1962. Nairobi ya wakati ule santuri nyingi zilitoka Uingereza, ndiyo maana ukipekua makasha ya hapa utakutana na Fontana kabla hujaona Columbia ya Marekani yenye macho sita (alama sita kama macho kwenye lebo). TFL 5072 ndilo toleo la kwanza la Uingereza. Kwa 1,500, kama inacheza, chukua.

Esquire ndizo ningeshika mkono wa kwanza. Ilikuwa lebo ya Uingereza iliyotoa kazi za Prestige, lebo ya jazi ya Marekani, na nyingi zilipigwa kwa vyuma vya chapa vilivyoletwa kutoka Marekani. Inamisha santuri chini ya taa, soma lile eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Ukiona RVG imechorwa kwa mkono, hiyo imechongwa na Rudy Van Gelder mwenyewe, mhandisi wa sauti aliyerekodi jazi hizo, na unapata sauti ileile ya Prestige ya awali kwa sehemu ndogo ya bei. Kava litakuwa tofauti na la Marekani. Esquire walijichorea ya kwao.

Coltrane wa HMV ni hadithi hiyohiyo: santuri za mwanzo za Impulse, lebo ya Marekani, zilitoka Uingereza kwa lebo ya HMV.

Blue Note ndipo watu hulizwa. Lebo peke yake haitoshi. Liberty waliinunua kampuni mwaka 1966 wakaendelea kutumia lebo za "New York USA" zilizobaki stoo. Tafuta alama ndogo kama sikio katika eneo lile tupu. Ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite, kilichopiga santuri za Blue Note hadi wakati huo. Lebo ya "New York USA" yenye sikio ni ya kabla ya Liberty. Isiyo na sikio imepigwa baadaye, hata kama lebo ni ileile. Ya Liberty usiidharau: kama ina mhuri wa VAN GELDER, vyuma ni vilevile vya zamani. Mimi ningelipia hali ya mifereji kabla ya kulipia sikio.

Fundi_Kariobangi:

Hakuna aliyegusa mashine, nayo ndiyo itakusumbua kwanza. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Marekani ni hezi 60, hapa ni 50. Kama mota yako ni ya AC inayofuata hezi za umeme, 33⅓ itakuwa 27.8 na kila kitu kitasikika karibu toni moja na nusu chini. Miles atapiga kama mtu mwenye usingizi. Kama mashine inatumia adapta ya DC, huna shida.

Pima kwa karatasi ya strobo, duara la mistari linalowekwa kwenye sahani inayozunguka, yenye mistari 180 (ya 33⅓ kwa hezi 50, yenye 216 ni ya hezi 60) chini ya taa ya zamani ya waya inayotumia umeme wa Kenya Power. Taa nyingi za LED hazikupi picha safi. Mistari ikisimama, kasi ni sahihi.

Dawa yake ni puli ya mota yenye kipenyo mara 1.2 ya ile ya sasa. Wakereza vyuma wa Kariobangi Light Industries wanaiweza. Mwambie aiache kubwa kidogo, uifunge, upime, kisha apunguze kidogokidogo, maana unene wa mkanda nao unaingia kwenye hesabu. Ikikatwa ndogo mno, mnaanza na chuma kipya.

Sindano: ya LP usiiweke kwenye 78. Mfereji wa 78 unataka ncha ya takriban milimita 0.076, ya LP ni kama theluthi yake au chini. Sindano nyembamba inazama hadi chini ya mfereji ambako hakuna muziki, ni uchafu tu.

Mpenzi_wa_Saksofoni:

Asanteni sana. Mota ni ya AC, nimeangalia chini. Sasa kwa muuzaji hakuna mashine ya kujaribia. Nikague vipi kwa macho?

Sikio_la_SouthB:

Beba tochi. Mikwaruzo myembamba kama unywele mara nyingi haisikiki. Pitisha ncha ya kidole taratibu. Mkwaruzo unaoguswa utapiga "tik" kila sekunde 1.8 ukiwa kwenye LP, mzunguko baada ya mzunguko. Tazama tundu la kati: lebo ikiwa imejaa vistari vya chuma, imechezwa sana. Rangi ikiwa ya kijivu kuelekea ndani, sindano nzito za zamani zimeshakula mifereji, na saksofoni itakwaruza mwishoni mwa upande. Hilo halioshwi. Iinue usawa wa jicho uone kama imepinda.

Mifereji_Miwili:

Nyongeza kuhusu Fontana, ndugu, usije ukamrudia fundi bure. Kikao cha tarehe 2 Machi 1959 kilirekodiwa na mashine iliyokuwa ikienda polepole, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zinacheza haraka kidogo, tuni imepanda chini ya nusu toni. Matoleo yote ya zamani yako hivyo. Yalianza kurekebishwa miaka ya 1990. Kasi ya puli mpya ipime kwa strobo, au linganisha tuni kwa upande wa pili.