Tiketi ya spidi ya Virginia, leseni ya Ohio

Habari za leo, ndugu zangu. Mwanangu kasimamishwa na polisi kwenye barabara kuu ya I-77 huko Virginia, akirudi Columbus, Ohio, kutoka Charlotte. Alikuwa anakwenda maili 88 kwa saa, kibao kinasema 70. Wenzake wanamwambia alipe mtandaoni yaishe, maana leseni yake ni ya Ohio. Ni kweli? Bima ya gari iko kwa jina langu.

*

Pole dada. Asilipe chochote kabla hamjaisoma hiyo karatasi. Tafuteni namba ya kifungu. Ikiwa ni 46.2-870, hilo ni kosa la kawaida la spidi. Ikiwa ni 46.2-862, ameandikiwa kuendesha kwa uzembe wa hatari, na kwa Virginia hiyo ni jinai: kifungo hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500. Ukizidisha kikomo kwa maili 20 umo. Ukipita 85 umo vilevile, hata pale kibao kinaposema 70. Kwa hiyo kuzidisha 18 tu hakumwokoi, ile 88 yenyewe inatosha.

Kosa hilo halimalizwi mtandaoni. Ni kufika mahakamani, au kuweka wakili wa kulekule anayewajua watu wa mahakama ile. Mara nyingi wakili husimama kwa niaba ya mteja na kuomba kosa lishushwe. Gharama yake inauma, lakini mimi ningelipa. Na kama kijana bado hajapata uraia, azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri lolote.

Hata likiwa kosa la kawaida, kulipa ni kukiri. Virginia na Ohio zote zimo kwenye mkataba wa majimbo wa leseni, na hukumu humfuata dereva hadi jimbo lililompa leseni. Wanaosema "ya jimbo jingine haihesabiwi" huenda wamesikia habari za New York, ambayo kweli haiwapi madereva wake pointi (alama za makosa kwenye rekodi ya dereva) kwa spidi ya majimbo mengine, ingawa ya Ontario na Quebec inazihesabu. Ninyi mko Ohio.

Bima nayo haisubiri pointi. Kampuni huvuta rekodi ya dereva, mara nyingi wakati wa kuhuisha bima, ikaona hukumu na kupiga hesabu zake yenyewe. Nyingi hutazama miaka 3 nyuma, nyingine 5. Kwa kuwa kijana yumo kwenye bima yako, atakayeletewa bei mpya ni wewe.

Kubaya zaidi ni kuitupa karatasi. Virginia inaweza kuiarifu Ohio, leseni ifungiwe, barua iende kwenye anwani ya zamani, naye aendelee kuendesha bila habari. Siku akisimamishwa kwa taa iliyoungua, anakutwa na kosa jipya, la kuendesha akiwa amefungiwa leseni.

*

Naongezea kwa sisi wa malori. Sheria ya shirikisho inayakataza majimbo kuficha hukumu ya mwenye CDL (leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara), hata alipokuwa kwenye gari lake dogo, kwa hiyo lile darasa la udereva ambalo wengine huhudhuria ili wafutiwe kosa halitufai. Ukiwa na lori, maili 15 juu ya kikomo ni kosa zito: mawili ndani ya miaka 3, huruhusiwi kuendesha lori siku 60, matatu, siku 120. Na hukumu yoyote ya barabarani, isipokuwa ya maegesho, mwajiri aambiwe ndani ya siku 30. Dada, kama mwanao ana CDL, wakili ajue hilo kabla hajaanza kuongea na mwendesha mashtaka.