Modeli ya Alzheimer: 98% kwenye ADNI, kwenye data nyingine inaanguka

Swali
Wakuu, nina picha za MRI aina ya T1 kutoka ADNI, hifadhidata ya utafiti wa Alzheimer: wagonjwa wa Alzheimer na wazee wasio na ugonjwa. Kila picha nimeikata vipande vya 2D, nikavichanganya vyote, 80% kufunza mtandao wa neva uwatofautishe na 20% kupima. Usahihi 98%. Kwenye data ya AIBL, utafiti kama huo wa Australia, ni kama inabahatisha. Niongeze tabaka?

Jibu 1
Tabaka ziache, mkuu. Kosa liko kwenye kule kuchanganya. Picha moja yenye vokseli (chembe za picha ya 3D) za mm 1 hutoa vipande zaidi ya 150, na cha 80 na cha 81 ni mapacha. Mtu yuleyule yuko pande zote mbili, kwa hiyo modeli inakariri umbo la kichwa chake, ugonjwa haiuoni. Gawa kwa namba ya mtu kwanza, ndipo ukate. ADNI humpiga mtu picha mara kadhaa kwa miaka. Zote zikae upande mmoja.

Kipimo cha haraka: mpe kila mtu lebo ya kubahatisha, ileile kwa vipande vyake vyote, ufunze upya. Isiposhuka karibu na 50%, data inavuja.

Jibu 2
Na maandalizi je? Sahihisha mwanga usio sawa ndani ya picha kwa programu ya N4, ondoa fuvu kwa programu ya HD-BET au SynthStrip, pangilia kila ubongo na MNI152 (kiolezo cha ubongo wa wastani), sawazisha ung'avu kati ya picha. Baada ya kuondoa fuvu fungua picha uzitazame kwa macho: kifaa kikimega gamba la ubongo, modeli itadhani ubongo umesinyaa. Ukitumia ComBat, mbinu ya takwimu, kupunguza tofauti za mashine, vigezo vyake vikokotolewe kwenye data ya kufunza tu.

Tena funza modeli ndogo inayopewa umri wa mtu peke yake. Ikiikaribia yako, ulichofundisha ni uzee.

Jibu 3
Hata 90% ya halali ina mtego. Chukua watu 1,000, wagonjwa 50. Ikikamata 90% ya wagonjwa na kuwaacha salama 90% ya wazima, itanyooshea kidole watu 140, wagonjwa wakiwa 45 tu.

Muuliza swali
Nimejaribu lebo za kubahatisha. 94%. Duh.

Jibu 1
Basi ndiyo hiyo. Ukishagawa upya, anza na ujazo wa hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), kulia na kushoto, ukigawanya kwa ujazo wa ndani wa fuvu. Mtandao wako usipoushinda huo, hauna kazi.