Ulinganisho: Stellenbosch, Franschhoek au Constantia? Tuna siku nne na mmoja wetu hanywi

MamaPili_Ruaka
Habari zenu wana jukwaa. Mwisho wa Februari mimi na mume wangu tunafikisha miaka kumi ya ndoa, na tumeweka akiba twende Afrika Kusini kuzunguka mashamba ya mizabibu. Tukitoa siku za ndege tunabaki na siku nne kamili.

Mimi napenda waini nyekundu kavu. Yeye hajawahi kunywa tangu ujana wake, ila ni mkulima wa kahawa kwao Embu, na akiona mmea uliotunzwa vizuri hatoki hapo. Sitaki safari ambayo mimi naonja ndani na yeye amebaki kwenye gari na simu yake. Mngelala wapi kati ya hizo sehemu tatu? Na tukodi gari au tusihangaike?

Mhudumu_Westlands
Hongereni sana kwa miaka kumi! Nimehudumia waini hotelini kwa miaka tisa, kwa hiyo nitaanza na kilicho ndani ya glasi.

Kwa nyekundu kavu, Stellenbosch haina mpinzani hapo. Cabernet Sauvignon ya kwenye miteremko ya Simonsberg na Helderberg inapata jua la kutosha mchana, halafu jioni upepo wa bahari kutoka False Bay unaipoza, ndiyo maana inaiva polepole na haipotezi ule ukali wake mzuri. Pia huko ndiko kwao zabibu nyekundu ya Pinotage. Profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch aliichavusha mwaka 1925 kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsaut. Mwambie shemeji habari hiyo, mtu anayejua mambo ya kupandikiza kahawa ataifurahia.

Franschhoek ni nzuri zaidi kwa nyeupe na zile za mapovu wanazoziita Cap Classique. Constantia ni Sauvignon Blanc, yaani nyeupe, pamoja na Vin de Constance, waini tamu ambayo babu yake ilikuwa ikipelekewa Napoleon akiwa kifungoni kisiwani Saint Helena. Chupa yake ni ghali, wewe omba kipimo kidogo uonje tu.

Msafiri_Langata
Mhudumu amesema kweli kuhusu ladha, lakini dada hakuuliza ladha peke yake.

Mimi na rafiki zangu tulilala Cape Town, tukapanga viwanda vitano vya Stellenbosch kwa siku moja. Kufika cha tatu ulimi ulikuwa umechoka, kila kitu kina ladha moja. Cha tano kilikuwa mbali na mji, na jioni teksi tuliyoiagiza kwa simu haikutokea. Tulikaa getini zaidi ya saa moja, giza linaingia, mpaka mlinzi wa shamba akatutafutia mtu wa kutubeba. Tangu siku hiyo nashauri viwanda viwili kwa siku, vitatu vikizidi sana.

Kwa ndoa yenu mimi nasema Franschhoek. Ile tramu yao ya mashambani ilianza mwaka 2012. Ina njia kadhaa zenye majina ya rangi, unashuka shamba hili, unapanda tena inayofuata, na sehemu nyingine wanakubeba kwa basi. Hakuna anayelazimika kuwa dereva, na asiyekunywa anapata juisi ya zabibu na mandhari, milima imelizunguka bonde kama ukuta. Ukishafika mjini kila kitu ni cha kutembea kwa miguu. Kata tiketi mapema, Februari watu ni wengi.

Kamau_wa_Ndege
Haraka haraka: viza hamhitaji, Wakenya wanaingia bila viza hadi siku 90 tangu Januari 2023. Lakini kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Nimeona watu wakizuiwa hapo JKIA na mizigo yao mikononi.

Mgogo_Nairobi
Dada yangu, naomba nami niseme, ijapokuwa hukuniuliza. Mimi ni mtu wa Dodoma, nafanya kazi hapa Industrial Area. Kwa nini mkulima wa Embu apande ndege kuvuka Tanzania nzima bila kuona zabibu za kwetu?

Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na kwa hivyo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huko Cape wanavuna mara moja. Kituo cha utafiti cha Makutupora kiko nje kidogo ya mji, na kuna zabibu iliyopewa jina hilohilo, Makutupora nyekundu. Hombolo kuna kiwanda. Ukiuliza vizuri utapelekwa kwenye shamba la ekari moja au mbili la mwananchi, na huyo ndiye atakayezungumza lugha moja na mume wako: bei ya mbolea, maji, na machungu ya kuwa na zabibu zimeiva na mnunuzi hajafika. Wakulima wa kahawa wanayajua hayo.

Kutoka Nairobi mnapita Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, lami tupu. Laleni Arusha njiani.

Mhudumu_Westlands
Mgogo, nakuunga mkono kuhusu shemeji, na hilo la kuvuna mara mbili ni jambo la kwenda kuona. Lakini kwa dada anayetaka nyekundu kavu, mvinyo mwingi wa Dodoma niliouonja ni mtamu. Dompo, ile tamu maarufu ya Dodoma, naiheshimu, ina wapenzi wake, ila si anachokitafuta. Tena Dodoma hakuna ule utaratibu wa kugonga hodi kiwandani na kukuta meza ya kuonjea imetandikwa. Ni lazima upige simu, upange, usubiri. Kwa sherehe ya miaka kumi mimi nisingejaribu. Kwa safari ya pili, ndiyo.

Mgogo_Nairobi
Kavu zipo, kaka, umekosa kuletewa tu. Lakini hilo la kupanga mapema nakubali.

Mwalimu_Eastleigh
Watu wameiruka Constantia, na si haki. Ni ndani ya Cape Town kwenyewe, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, kwa hiyo inafaa siku ya kufika au ya kuondoka. Shamba lake la Groot Constantia lilianza mwaka 1685. Waini ya kwanza ya Cape ilikamuliwa Februari 1659, na Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, wakaja baadaye, 1688, ndio Franschhoek ikaitwa kona ya Wafaransa.

Naomba mkifika Groot Constantia msiishie kwenye meza ya kuonja. Ingieni makumbusho. Mizabibu ile ilipandwa na kuvunwa na watumwa, wengine walitolewa Msumbiji na Madagaska, pwani hizi hizi zetu. Na hata baada ya utumwa, wafanyakazi wa mashambani kwa miaka mingi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa waini, na ulevi ukaharibu familia nyingi. Nilisimama mbele ya maelezo yale nikashindwa kuondoka. Leo mna nafasi ya kuchagua pesa yenu iende kwa nani: ulizeni waini za Aslina, za Ntsiki Biyela, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa mtengenezaji waini nchini humo.

MamaPili_Ruaka
Asanteni, nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nikamsomea mume wangu. Aliposikia habari ya kuamsha mzabibu kwa kuupogoa aliinuka kitandani. Dodoma tumeiweka Agosti, Mgogo, nitakutafuta kwa ujumbe.

Februari tutalala Franschhoek usiku tatu. Siku moja tramu, siku moja tutakodi dereva wa kutwa atuvushe mlima hadi Stellenbosch, viwanda viwili tu. Usiku wa mwisho Cape Town, na asubuhi yake Constantia na makumbusho. Swali moja limebaki: anataka kuona watu wakivuna. Inawezekana?

Msafiri_Langata
Mwisho wa Februari mko katikati ya mavuno, nyeupe nyingi zimeshaingia na nyekundu ndiyo zinaanza. Tatizo ni saa. Wengi huvuna usiku au alfajiri zabibu zikiwa baridi, mgeni wa saa nne asubuhi anakuta safu tupu. Waandikieni mashamba mawili au matatu barua pepe sasa hivi, mseme wazi kwamba yeye ni mkulima na angependa kuingia shambani alfajiri. Mimi nilijibiwa na shamba moja dogo siku hiyo hiyo. Na avae viatu vya shamba, umande wa huko unalowesha mpaka magoti.