Wakuu, jina la duka linaninyima usingizi, naombeni ushauri

Kalamu Butu: Wakuu, heshima zenu. Nafungua steshenari pale Mwenge: kopi, kuchapa, kuskani, hayo hayo. Jina nimelitoa kwenye kamusi ya Kiingereza: GRIFFONAGE. Asili yake Kifaransa, maana yake mwandiko wa kuparazaparaza, ule usiosomeka. Waingereza wenyewe wengi hawalijui, ndiyo raha yake. Je, litavuta wateja? Nijibuni leo, kesho nitakuwa nimechelewa.

Bi Tandika: Linatamkwaje?

Kalamu Butu: Grifonaaj. Mkazo mwishoni.

Bi Tandika: Mteja akimwelekeza mwenzake si atang'ata ulimi!

Mzee Taipureta: Vijana mnahangaika na majina. Mimi nilikaa na mashine yangu Kariakoo, chini ya mwarobaini, nachapia watu barua za maombi ya kazi, hati za mauziano ya viwanja, hata barua za posa. Jamaa mmoja alinichapisha posa kwa mabinti wawili siku moja, akabadilisha majina tu. Bango sikuwa nalo. Watu walisema "nenda kwa yule mwenye mashine," basi.

Ustaadhi Sarufi: Utumwa wa mawazo huu. Kuna barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, hadi leo. Wewe wa Mwenge unakwenda kuazima mchorochoro kwa Mfaransa?

Dogo wa Buza: Weka Gobbledygook, mkuu. Maury Maverick, aliyewahi kuwa mbunge wa Texas, alilibuni mwaka 1944 alipochoshwa na waraka za kiofisi zisizoeleweka. Alifuata mlio wa batamzinga. Na babu yake, Samuel Maverick, hakuwa anawapiga chapa ng'ombe wake, jina la ukoo nalo likawa neno la Kiingereza. Ukoo mzima unazaa maneno! Wewe na lako la kuazima.

Mama Wawili: Mbona hamumuulizi la maana? Jina tu halimkoseshi mtu usingizi. Kesho kuna nini?

Kalamu Butu: Kesho tunazindua. Jina nimeshalisajili BRELA na bango limeshachorwa ukutani.

Mama Wawili: Sasa ushauri wa nini? Hela ya nani hiyo?

Kalamu Butu: Nusu yangu, nusu ya mama mkwe. Yeye alitaka duka liitwe jina la marehemu mzee. Ila nisikilizeni kwanza. Mzee alikuwa karani, na mwandiko wake hakuna aliyeuweza, hata wosia wake ilibidi familia ikae kikao kuusoma. Sasa Griffonage si kumuenzi huko?

Bi Tandika: Yesu na Maria. Kamwambie hivyo mkweo mbele ya wageni.

Mzee Taipureta: Mkwe ni mkwe, mwanangu. Nenda leo usiku na kilo mbili za sukari.

Kalamu Butu: Kusajili upya ni gharama, mzee wangu. Na nimeshachapisha kadi.

Mtoto wa Pwani: Chai hii, tena ya tangawizi. Wosia umesomwa kwa kikao, jina la kamusini, mkwe mwenye mtaji! Mwezi uliopita ID hii hii ilikuwa inafuga kware Kibaha. Leta picha ya bango.

Dogo wa Buza: Kware tena? 😂 Nilijua tu.

Ustaadhi Sarufi: Nimepoteza bando langu bure.

Kalamu Butu: Kware walikufa, hilo lina uzi wake. Picha siweki. Fundi hakupima ukuta, herufi zikamwishia mlangoni. Limesomeka GRIFFONA, halafu GE ameibana chini, karibu na mita ya Luku.

Mtoto wa Pwani: Aa, basi ni kweli. Fundi huyo alinichorea mimi SALUNI YA KIU, ME akaiweka kwa jirani.

Bi Tandika: Kopi bei gani hapo?