Sharubati ya forosadi na mala: kwa nini maziwa yalijitenga?

Mkaazi wa Kibokoni

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Joto la kaskazi limetushika barabara hapa Mombasa, na tangu Jumamosi nimekuwa nikijaribu kutengeneza kinywaji cha baridi kwa kuchanganya maziwa mala na forosadi za mti ulio uani kwetu, pamoja na stroberi chache nilizonunua Marikiti. Niliyachemsha matunda kwa sukari mpaka yakatoa shira nzito, nikaimimina shira hiyo ndani ya maziwa ingali inafuka moshi, kisha nikasaga vyote kwa blenda pamoja na barafu kwa muda mrefu. Chembe nyeupe zilipanda juu, maji mekundu yakabaki chini ya jagi, na ladha ikawa chapwe ijapokuwa sukari niliitia kwa wingi. Watoto walionja kidogo wakaziacha bilauri zao mezani.

Naomba kuelezwa kosa liko wapi, katika moto au katika matunda yenyewe? Tena, je, mala ya pakiti ndiyo ule mtindi ambao marehemu bibi yangu alikuwa akitupa wakati wa joto?

Mpishi wa Tudor

Wa alaykum salaam, dada. Matunda hayana kosa. Maziwa mala yamekwisha kuganda kabla hujayafungua, kwa sababu vijidudu vyake hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huzifanya protini zishikane kama wavu laini unaobeba maji. Ukiupasha moto wavu huo hujikunja na kuyakamua maji yake, na ukiusaga kwa nguvu hukatika na kujaa hewa, ndiyo maana chembe zako zilielea. Wewe ulifanya yote mawili kwa pamoja, kisha barafu ikayeyuka na kuizimua ladha iliyobaki.

Usipike forosadi. Chukua robo kilo, uzioshe, uzinyunyizie vijiko viwili vikubwa vya sukari na uziache kwa nusu saa, nawe utaona sukari ikiyavuta maji ya tunda bila moto wowote. Ziponde kwa mwiko, uzichuje ili kuondoa vikonyo na mbegu za stroberi, kisha uiweke sharubati hiyo katika jokofu mpaka ipoe sawasawa na maziwa. Hapo ndipo utakapoichanganya na nusu lita ya mala, ukimimina kidogo kidogo na kukoroga kwa mkono. Badala ya barafu, gandisha konzi moja ya matunda tangu usiku na uyatie ndani ya bilauri, kwani yatapoza kinywaji na kila yanapoyeyuka yatazidisha ladha.

Bi wa Majengo

Mwanangu, swali lako la mtindi limenifurahisha, maana siku hizi watu huyaita maziwa yote yaliyochacha kwa jina moja. Mtindi tuliolelewa nao ni yale maziwa yanayobaki baada ya kusukwa ndani ya kibuyu na kutolewa siagi, ile ambayo mama zetu waliipika ikawa samli. Kwa kuwa mafuta yake yameondolewa, mtindi ni mwepesi na hupita kooni kwa urahisi hata adhuhuri ya jua kali. Mala ya pakiti ni mazito zaidi, na kwa kawaida bado yana mafuta yake. Kwa hiyo mimi huyalegeza kwanza kwa maji baridi yaliyochemshwa, sehemu tatu za maziwa kwa sehemu moja ya maji, nikatia chumvi kiasi cha kufinya kwa vidole viwili na punje mbili za iliki zilizotwangwa. Usiidharau chumvi hiyo, kwa sababu huutokeza utamu wa tunda, nawe utajikuta huhitaji sukari nyingi.

Ukipata zambarau zitumie pia, lakini uzichanganye na forosadi, kwa sababu zikiwa peke yake ukakasi wake hukausha ulimi. Na matunda haya makali usiyalaze katika sufuria ya alumini. Tumia chombo cha kioo au cha udongo.

Jirani wa Likoni

Kwa heshima zote, Bi, mimi sioni haja ya maji pale forosadi zinapokuwa zimeiva sana, kwa sababu sharubati yake peke yake hutosha kuyalegeza maziwa. Maji ningeyatia kwa stroberi, ambazo rojo yake ni nzito. Nina swali dogo pia: nilitia nanasi bichi, yaani lisilopikwa, katika mala, na baada ya saa moja kinywaji kikawa kichungu. Je, ni nanasi lililoharibika?

Mpishi wa Tudor

Hapana, kaka. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachozikatakata protini za maziwa, na vipande vinavyobaki ndivyo vyenye uchungu. Papai nalo lina tabia hiyo. Lichemshe nanasi kidogo, liache lipoe kabisa, ndipo uchanganye. Forosadi na stroberi hazina tatizo hilo.

Mkaazi wa Kibokoni

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimefuata njia ya kaka wa Tudor, nikaongeza chumvi na iliki za Bi, na maji sikuyatia kwa kuwa forosadi zangu zilikuwa zimeiva hasa. Kinywaji kimeshikana vizuri, kina rangi ya waridi iliyokoza, na jagi limekwisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Naomba jambo moja la mwisho: je, naweza kukitengeneza usiku kwa ajili ya wageni wa kesho?

Bi wa Majengo

Tengeneza sharubati usiku, mwanangu, na maziwa uyaache katika pakiti yake ndani ya jokofu. Changanya wageni wakiwa wamekwisha kuketi.